Flashi Yenye Vyumba Mia

Kompyuta iliuliza swali moja tu, tena kwa adabu: diski hii haijafomatiwa, ungependa kuifomati sasa? Chini ya swali palikuwa na vitufe viwili, ndiyo na hapana. Meneja akasema, "Bonyeza ndiyo tumalize," na kabla fundi wa kompyuta hajashusha kidole, kiganja cha mwanamke kilimtua juu ya mkono, pa! Mkono, kipanya na yote yakaganda pale mezani.

"Mmalize nini?" akauliza Mama Nembo. "Mtanimaliza mimi kwanza."

Sasa tuwaache hapohapo kidogo, kiganja juu ya kipanya, maana mambo haya ukiyasikia nusu utadhani mama wa watu alikuwa na kichaa. Hakuwa na kichaa. Alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa na sababu zilizonyooka kama mshono wa pindo.

Kiwanda chenyewe kilikuwa cha kushona sare: ua wa saruji, geti moja la chuma, na vyumba vitatu vya kazi. Cha kwanza cha kukata vitambaa, cha pili cha cherehani, na cha tatu, kile kidogo cha pembeni chenye dirisha moja, cha kutarizi. Humo ndimo Mama Nembo alimokaa miaka ishirini na mbili. Ukiona mwanafunzi ana nembo ya shule kifuani, au muuguzi ana jina lake juu ya mfuko, ujue kazi hiyo imepita mikononi mwake. Ndiyo maana hata wanawe walizoea kusikia mama yao akiitwa hivyo mtaani, na jina alilopewa na wazazi likabaki kwenye kitambulisho tu.

Mashine yake ilikuwa na vichwa vinne na iliitwa Ajuza. Marehemu tajiri, aliyeanzisha kiwanda, aliinunua mtumba, na tangu siku ya kwanza ilikuwa inakohoa. Zamani ilisoma disketi. Disketi zilipoadimika, alikuja fundi mmoja mwembamba, akang'oa sehemu ya disketi na mahali pake akafunga kijisanduku chenye tundu la flashi, vitufe viwili na kidirisha cha namba. Kisha akaigawa flashi moja nyekundu vyumba mia, kuanzia sifuri hadi tisini na tisa, kila chumba ukubwa wa disketi moja. Kitufe cha kushoto kinahesabu makumi, cha kulia kinahesabu mojamoja. Chumba cha arobaini na saba, wauguzi. Cha kumi na mbili, shule ya wasichana yenye taa na kitabu. Cha tisini na tisa, herufi zote za kuandikia majina. Mama Nembo alivijua vyote kama anavyojua masufuria ya jikoni kwake.

Chumba kimoja tu hakuwahi kukitia kitu: cha sifuri. Yule fundi mwembamba alimwonya, "Mama, Ajuza akiamka husimama kwenye sifuri. Ukiweka nembo humo, siku moja utagusa kitufe bila kukusudia na sindano itakushona kidole." Akakiacha hivyohivyo, bila hata kukitayarisha. Mama Nembo akakiita kibaraza. Mtu anapita barazani, halali hapo.

Basi mwenzangu, hapo ndipo palipokuja balaa. Kompyuta za watu hazijui habari za vyumba mia. Ukiichomeka ile flashi, kompyuta inagonga mlango wa kwanza, inakuta kibaraza kitupu, inarudi kukuambia hakuna mtu. Ilikuwapo moja tu iliyojua njia ya ndani, kompyuta kuukuu ya chumba cha kutarizi, yenye programu aliyoiacha fundi yule. Na hiyo Meneja alikwisha itupa mwezi uliopita.

Meneja mwenyewe alikuwa mume wa binti mkubwa wa marehemu. Miezi mitatu kazini, na tayari neno "mfumo" lilikuwa halimtoki mdomoni. Mfumo mpya, mfumo wa kisasa, tuendane na mfumo. Alikuwa amekwisha panga: nembo zitoke kwa rafiki yake, za kubandika kwa pasi, zile zinazobanduka baada ya kufuliwa mara tatu. Chumba cha kutarizi kivunjwe kiwe ofisi yake. Ajuza auzwe chuma chakavu siku ya Ijumaa. Na wale wanawake wawili wa humo ndani, Mama Nembo na shoga yake mkata nyuzi, waende nyumbani wakapumzike. Kupumzika! Nani alimwambia wamechoka?

Kulikuwa na kikwazo kimoja tu, na kikwazo hicho alikiweka marehemu mkwewe. Miaka ya nyuma, siku ya mvua kubwa, cherehani mbili zilitoka getini zikiwa zimefunikwa matambara na hazikuonekana tena. Toka siku hiyo tajiri akaweka sheria: mashine haitoki getini bila fomu, na fomu haina maana bila saini ya yule anayeitumia. Hata yeye mwenyewe tajiri akitaka kutoa mashine, atafute saini. Mlinzi wa geti aliishika sheria ile kwa mikono miwili.

Kwa hiyo Jumatatu hiyo Meneja alimleta fundi wa kompyuta ili apate cha kuandika kwenye fomu. Fundi aliichomeka flashi kwenye kompyuta mpya ya ofisini: inataka kufomatiwa. Akaichomeka kwenye laptopu yake, ya aina nyingine, yenye mfumo wake wenyewe: diski haisomeki, uitoe, uipuuze, au uianzishe upya? Akarudi kwenye ile ya kwanza. Nusu saa nzima wanahangaika nayo kabla Mama Nembo hajaitwa aje kutia saini. Na hapo ndipo alipoingia, akaona kidole kinashuka, akatia kiganja.

"Mama, flashi ni tupu," alisema Meneja. "Kompyuta mbili, mifumo miwili tofauti, zote zimesema kitu kimoja. Wewe nani ubishane na kompyuta mbili?"

"Mimi ndiye niliyeijaza. Umefika barazani kwa mtu, hukuona mtu, ukaandika nyumba haina watu?"

"Baraza gani tena?"

"Asiyejua maana haambiwi maana. Niwashie Ajuza, nikuonyeshe."

Ajuza hakuweza kuwashwa. Meneja alikuwa ameng'oa fyuzi ya chumba kile tangu wiki iliyopita na kuifungia kwenye droo yake. "Hatuwashi kitu kilichokwisha andikwa chuma chakavu," alisema, na akasukuma fomu mbele. Iliandikwa: Mimi, mtumiaji wa mashine, nathibitisha kuwa mashine hii haifanyi kazi na kumbukumbu zake ni tupu. Chini yake mstari wa saini.

Mama Nembo aliisoma mara mbili. Neno tupu ndilo lililomchoma. Miaka ishirini na mbili, shule tisini na kitu, mgongo wake, macho yake yaliyoanza kuhitaji miwani, yote hayo mtu wa miezi mitatu ameyaweka kwenye neno la herufi nne. Akachomoa flashi kwenye kompyuta, akaifuta kwa upindo wa khanga na kuitia kifuani.

"Hiyo ni mali ya kampuni!" Meneja alisimama.

"Si umeandika tupu? Kampuni imepoteza nini?"

Fundi wa kompyuta akacheka kabla hajajizuia, kisha akajifanya anakohoa. Mama Nembo alimgeukia. "Na wewe mwanangu, niambie ukweli. Kabla sijaingia, ulibonyeza ndiyo popote?"

Fundi akakuna kichwa. "Kwenye laptopu... sikumbuki, mama. Haya maswali huwa tunabonyeza tu."

Huwa tunabonyeza tu! Mama Nembo alitoka ofisini kichwa juu, akavuka ua kichwa juu, akaingia msalani, akafunga mlango, akaitoa flashi kifuani na kuigeuzageuza. Kwa sababu kama kijana yule alibonyeza kuianzisha upya, basi Meneja hakusema uongo. Flashi itakuwa tupu kweli, na kiburi chote kile alichokimwaga mle ndani kitakuwa cha debe tupu.

Siku ya pili habari zilikwisha enea. Mkata nyuzi, mwanamke mfupi mwenye mkasi unaoning'inia shingoni kwa utepe, alimkuta amekaa kwenye kigoda mbele ya mlango uliofungwa wa chumba chao.

"Usisaini, shoga. Hata akikupa kalamu ya dhahabu."

"Sisaini."

"Akikutisha?"

"Atanitisha na nini? Nimezaa watoto watano, mmoja alitanguliza miguu."

Mkata nyuzi alicheka, halafu akasogea karibu akashusha sauti. "Lakini shoga, mimi na wewe tu hapa. Una hakika nembo zimo?"

Mama Nembo alijipapasa kifuani ilipokuwa flashi. Meneja akapita, akawatupia jicho, akasema bila kusimama kwamba Ijumaa saa nne mnunuzi wa vyuma atafika, na asiyesaini ataandikiwa barua ya utumishi yenye maelezo ya kutosha kuhusu ukaidi wake. Alipokwisha pita, mkata nyuzi alifyonya kwa sauti ambayo hata chumba cha cherehani walisikia.

Jumatano, alipotoka kazini, Mama Nembo alimpa mumewe ile flashi. Mume wake alikuwa fundi redio mstaafu. Sebule yao ilikuwa na redio kumi na moja, tatu kati ya hizo zikizungumza, na kompyuta aliyoiokota kwa vipande na kuiwekea mfumo ule wa bure unaotengenezwa na watu wasiojuana, kila mmoja anaongeza chake. Alikuwa na imani na ule mfumo kuliko anavyomwamini daktari wa meno.

"Mke wangu," alisema kwanza, "funika kombe mwanaharamu apite. Weka saini, chukua barua yako nzuri, njoo tukae. Imebaki miaka mitatu tu ustaafu."

"Kombe langu halifunikwi na mtu mwingine. Chomeka."

Akachomeka. Ile kompyuta haikuuliza kama anataka kuifomati. Haikuuliza kitu. Ilisema tu kwamba kuna kifaa, ukubwa wake ni huu, na yaliyomo hayatambuliki. Mzee akavaa miwani ya pili juu ya ya kwanza, akaandika amri moja kwa vidole viwili, na kioo kikajaa namba. Sifuri. Sifuri. Sifuri. Mstari baada ya mstari, ukurasa baada ya ukurasa, sifuri tupu.

Mama Nembo aliinamia kioo. "Shuka," alisema. "Hicho ni kibaraza. Shuka ndani."

"Nashuka, mama, nashuka. Usinisukume."

Akashuka. Sifuri zikaendelea. Redio moja ikatangaza hali ya hewa. Kisha ghafla mistari ikavurugika, herufi na namba zikachanganyika, na zikaendelea kuchanganyika kadiri alivyoshuka. Mama Nembo akashika bega la mumewe kwa kucha.

"Zimo!"

"Kuna kitu," alisema mzee, naye hakuwa mtu wa kudanganya, hata mkewe, hasa mkewe. "Sijui kama ni nembo au mabaki ya nembo. Kitu kikifutwa haraka huacha makapi, na makapi kwa macho yangu haya yanafanana na nafaka. Ajuza peke yake ndiye anayeweza kuyasoma."

"Na Ajuza wamemng'oa fyuzi."

Mzee alivua miwani zote mbili. Akaifuta moja kwa shati. "Nimetengeneza redio miaka thelathini," alisema. "Redio ikiletwa imenyamaza, sijawahi kumwambia mteja kwamba mtangazaji amekufa. Huyu meneja wako hana adabu ya kazi. Usisaini."

"Si ulisema nifunike kombe?"

"Nimelifunua. Kapike, au nipike mimi?"

"Pika wewe. Mimi nina hasira, nitaunguza."

Ijumaa saa nne mnunuzi wa vyuma alifika kweli, na mkokoteni, wapagazi wanne na mizani ya kuning'iniza. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, na kila alichokiona alikigongagonga kwa kidole kusikiliza mlio wake. Meneja alifungua chumba cha kutarizi. Ajuza alikuwa amefunikwa shuka. Mama Nembo na mkata nyuzi walisimama pembeni, wamefunga khanga viunoni kama watu waliokuja kufua.

Mnunuzi alivuta shuka, akagonga mguu wa mashine, akagonga kichwa, akainama kutazama chini. "Mota ni nzima?"

"Ni chuma chakavu," alisema Meneja.

"Ndugu yangu, chuma ni chuma na mota ni mota. Mota inayozunguka naiuza pembeni. Washa niisikie, bei itapanda."

Waswahili walisema, mla mbuzi hulipa ng'ombe, lakini uchu wa Meneja siku ile ulimlipa Mama Nembo. Bei itapanda! Alikwenda mwenyewe ofisini karibu anakimbia, akafungua droo, akarudi na fyuzi, akaichomeka ukutani kwa mkono wake mwenyewe. Ajuza alikohoa, akatetemeka, akanguruma. Kile kidirisha kikawaka: sifuri sifuri.

"Mota nzima hiyo," alisema mnunuzi, amefurahi.

Mama Nembo hakuomba ruhusa. Alitia mkono kifuani, akatoa flashi nyekundu ingali na joto la mwili wake, akaichomeka. Kitufe cha kushoto mara tisa. Kitufe cha kulia mara tisa. Kwa haraka akakosea na kupitiliza, akarudia tena toka mwanzo. Tisini na tisa. Kioo kidogo cha Ajuza kikabaki cheusi.

Kikabaki cheusi muda ambao mtu anaweza kusema shahada. Mkata nyuzi akaushika mkasi wake. Mama Nembo akawaza: basi. Kijana alibonyeza. Basi yamekwisha.

Halafu ikatokea A. Chini yake B. Halafu C, na nyingine zote, zimejipanga kama watoto wa paredi.

Machozi yalimtoka Mama Nembo na hakuyafuta. Ayafute kwa nini? Mkata nyuzi akapiga kigelegele kilichowatoa watu kwenye cherehani zao, na mlango wote ukajaa vichwa.

"Tupu hiyo!" mkata nyuzi aliwaambia. "Njooni muone tupu ilivyojaa!"

Sasa, mtu mwenye haya angesema, samahani mama, nilikosea. Meneja alitazama kioo, akatazama vichwa mlangoni, akavuta pumzi. "Sawa," alisema. "Inasoma. Haibadilishi kitu. Kazi ya nembo tumekwisha wapa wengine, na mnunuzi yuko hapa. Tia saini, mama, watu wana kazi zao." Akaitoa fomu kwenye faili na kumnyooshea, kalamu juu yake.

Mama Nembo alimtazama usoni. Mpaka dakika ile alikuwa anaamini kwamba ugomvi wao ulikuwa juu ya flashi, kwamba mtu akishaona kwa macho yake yatakwisha. Kumbe mwenzake hata hakujali kama imejaa au haina kitu. Alitaka neno tupu kwenye karatasi na jina la Mama Nembo chini yake, basi. Na hapo hofu yote aliyoibeba toka Jumatatu ikamtoka, ikabaki hasira safi, iliyotulia.

"Lete," alisema. "Nitakutilia."

Aliichukua fomu, kalamu akaiacha mkononi mwa Meneja. Mezani akatandaza kipande cha kitambaa cheupe, kile kizito cha makoti ya wauguzi. Juu yake akaiweka fomu, akailaza vizuri, akavibana vyote viwili kwenye fremu ya duara, akaipiga kwa ukucha kusikia kama imekaza. Wanawake wa cherehani walianza kuelewa kabla Meneja hajaelewa. Akachagua uzi mwekundu. Akafunga vichwa vitatu, akaacha kimoja. Akasogeza fremu mpaka sindano ikasimama sawasawa juu ya mstari wa saini.

"Unafanya nini?" aliuliza Meneja.

"Natia saini. Hii ndiyo kalamu yangu, miaka ishirini na mbili."

Akachagua herufi ya kwanza, akabonyeza.

Ajuza alishuka. Ta-ta-ta-ta-ta, sindano ikaipasua karatasi na kuishona kwenye kitambaa, nukta baada ya nukta, mpaka H ikasimama, nyekundu, imejaa. Meneja akapiga hatua mbele, lakini mkata nyuzi alikuwa katikati, mfupi lakini mpana, na mkasi wake umetulia kifuani. "Usisogee, Meneja," alisema kwa upole mkubwa. "Sindano haina macho." Ikaja A. Ikaja P. Chumba kizima kilikuwa kinasoma kwa sauti kama darasa la kwanza, herufi kwa herufi, na mnunuzi wa vyuma naye anasoma. A nyingine. N. A ya mwisho.

Ajuza akanyamaza. Mama Nembo akaitoa fremu, akaifungua. Mkata nyuzi akaipokea fomu, akageuza upande wa nyuma, akakata nyuzi zinazoning'inia moja baada ya nyingine, bila haraka. "Kazi yetu haitoki na mikia," alisema, na ndipo akampa Meneja.

HAPANA. Ilikuwa imekaa juu ya mstari wa saini, imenyooka, imeshonwa mpaka chini.

Meneja aligeuka rangi. Kisha akafanya kosa ambalo hasira humfanyisha mtu: akaisukuma fomu mikononi mwa mnunuzi. "Saini ni saini! Pakieni. Peleka hii getini."

Hakuna aliyepakia. Mnunuzi alikwenda kwanza getini peke yake na karatasi, Meneja nyuma yake, na nyuma ya Meneja kiwanda kizima. Mlinzi alikuwa mzee mrefu mwenye koti lililofifia. Nembo ya koti hilo ilikuwa ya chumba cha tatu cha flashi, na ndiyo pekee iliyokuwa haijafifia. Aliipokea fomu kwa mikono miwili. Akaisoma toka juu. Akapapasa ule uzi kwa kidole gumba, akaigeuza, akaiinua juani.

"Mahali pa saini pameandikwa hapana," alisema.

"Hiyo si saini!" Meneja alipayuka. "Ni ukorofi!"

Mlinzi alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri polepole na kwa haki. "Kama si saini, Meneja, basi fomu haina saini, na mashine haitoki. Kama ni saini, yenyewe imesema hapana, na mashine haitoki. Mimi nimeajiriwa kusoma tu." Akamrudishia karatasi yake na kurudi kwenye kiti chake.

Mtu wa kwanza kucheka alikuwa mnunuzi wa vyuma. Alicheka mpaka mizani ikagongana na mkokoteni. "Twendeni, vijana," aliwaambia wapagazi wake. "Mashine inayojua kukataa siinunui mimi. Itakataa na kwangu."

Geti likafunguliwa, mkokoteni ukatoka mtupu, geti likafungwa. Meneja alibaki katikati ya ua, fomu mkononi, kitambaa cheupe kikining'inia nyuma yake kwa sababu huwezi kukitenganisha na karatasi bila kuichana. Alijaribu. Karatasi ikachanika pembeni, lakini lile neno likagoma kutoka.

"Sikilizeni wote," alisema hatimaye. "Haijaisha. Jumatatu nachapa fomu nyingine."

Mama Nembo alikuwa amekwisha mpa mgongo, anaelekea chumbani kwake. Kitufe cha kushoto mara nne, cha kulia mara saba, alikuwa anajihesabia, maana wauguzi walikuwa wanasubiri makoti yao. Aliposikia akasimama, akageuza uso tu.

"Chapa, mwanangu," alisema. "Uzi ninao."